Nishinde Njaa

Otilia aliitilia shaka ile fomu tangu ilipowekwa mezani. Binti yake Jacqueline, miaka kumi na sita, amekulia ughaibuni, mtaa wa Rexdale. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Jioni hiyo alianza na "Shikamoo, mama." Otilia akajua kuna jambo.

Fomu ilitaka saini ya mzazi kabla ya Ijumaa, ili mtoto aende Dublin kwenye mashindano ya ndondi ya wasichana. Angesafiri na Kocha Fintan, mzee wa Kiayalandi aliyesemekana kuipigania nchi yake ulingoni miaka tisa. Otilia alishalitafuta jina hilo mtandaoni, akaambulia picha moja ya kijana mwenye pua iliyopinda. Na Jacqueline alikuwa amekonda uso. Chakula anachofungiwa asubuhi kilikuwa kinarudi vilevile.

"Huyo kocha anakulisha nini?"

Jacqueline alitafuta maneno ya Kiswahili kwanza. "Kocha anasema kila siku lazima nishinde njaa."

Otilia akaweka kalamu chini.

Kesho yake aliomba ruhusa ghalani alikofanya kazi, akapanda basi la barabara ya Kipling mpaka kwenye ukumbi wa mazoezi. Fintan alikuwa kwenye jiko la umeme, anageuza viazi. Otilia hakungoja kukaribishwa. Alimwambia kwa Kiingereza kinyoofu kwamba hakuzaa mtoto aje kushindishwa njaa kutwa nzima, hata kama kocha mwenyewe alipigana mpaka mwezini.

Fintan akamgeukia Jacqueline, aliyekuwa keshafika mazoezini, anaangalia viatu vyake.

"Nilimwambia aipige njaa kabla haijampiga yeye," alisema. "Ale mapema."

"Si ndiyo kushinda?" Jacqueline alinong'ona. "Kama timu ikishinda?"

Otilia nusura acheke, akajizuia. Maneno yanaweza kupangwa. Akauliza mbona chakula chake kinarudi. Fintan akaonyesha sufuria: wote hula pale saa tisa, kabla ya kuvaa glavu. Kisha akaeleza, bila kuulizwa, kuhusu mashindano ya Ulaya ya ujana wake. Ili aingie uzito wa kilo sitini alikaa siku mbili bila kula wala kunywa, akitema mate kwenye chupa apungue zaidi. Akashinda mapambano mawili. Kwenye nusu fainali miguu ikamkatalia raundi ya pili, akarudi nyumbani na shaba. Hakuchaguliwa tena.

Hadithi nzuri, Otilia aliwaza, na wenye hadithi nzuri ndio wa kuchunga. Akamwamuru Jacqueline avue viatu apande mizani. Kilo hamsini na tisa. Kliniki, mwezi wa tisa, alikuwa hamsini na saba.

"Kule atapigana uzito gani?" Otilia aliuliza. Hapo ndipo angemnasa: mtoto akishushwa mpaka hamsini na saba atakutana na wasichana wadogo kuliko yeye, na kocha atapata medali ya bure.

"Sitini."

"Na wenzake watakuwa wakubwa kuliko yeye."

"Baadhi, ndiyo."

"Kwa hiyo atapigwa."

"Huenda," Fintan alisema. "Lakini atapigwa akiwa ameshiba."

Otilia akaitoa fomu mkobani. Kocha anayetaka kukudanganya hawezi kukuahidi kipigo. Akaitandika juu ya meza, kando ya viazi. Nafasi ya uzito ilikuwa bado wazi. Akaandika mwenyewe, kwa tarakimu kubwa zisizofutika, 60. Ndipo akatia saini.