Rafu ya Baba

Mzee alikuja hospitali kupimwa macho, akakuta foleni imeganda.

"Kompyuta imejaa," karani wa mapokezi alisema. "Haiandikishi mgonjwa hata mmoja."

"Imejaa? Kwani imekula nini?" mama mmoja akauliza, watu wakacheka kwa hasira.

Mzee hakucheka. Aliyetunza kanzidata ya hospitali, yaani ghala la habari za wagonjwa wote, alikuwa binti yake wa mwisho. Akajikongoja hadi mlangoni kwake.

Ndani, mkuu wa idara alikuwa amemsimamia binti kichwani. "Jana nimefuta orodha chungu nzima za majaribio. Nafasi iko wapi?"

"Umefuta maandishi, bosi, ila jedwali lililoyabeba bado limeikalia nafasi ile ile. Lazima nilipange upya, na kwanza nipate pa kulihamishia."

"Basi futa wagonjwa wa zamani. Watu wanangoja!"

"Wagonjwa siwafuti. Akirudi mtu wa moyo, daktari atamjuaje?"

Binti akageuka, akamwona mzee. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fanya kazi, mwanangu."

Binti akatafuta faili moja kubwa lisilo na kitu cha maana, lililoshika nafasi tu. Wenzake walilitania kila siku, wakaliita mzigo wa hewa. Kwenye kioo cha kompyuta jina lake lilisomeka: rafu ya baba. Akalifuta. Nafasi ikapatikana, akaanza kulijenga jedwali upya humo.

Mzee akaduwaa. Alikuwa mtunza stoo ya vipuri mpaka anastaafu, na siku zote aliacha rafu moja tupu, hata mabosi wafoke vipi, ili siku ya kupanga upya awe na pa kushushia mzigo. Hakujua kwamba yule mtoto aliyechezea misumari sakafuni alikuwa akitazama.

Baada ya muda, sauti ya karani ikasikika kule nje ikiita watu.

"Kumbe hewa yako ina kazi," mkuu alisema, akishusha pumzi.

"Mwenye hewa huyo hapo," binti akamwonyesha mzee kwa kidevu.

Mzee akakohoa kidogo. "Rafu umeshairudisha?"

"Ndiyo naiweka tena, baba."

Akarudi kwenye foleni kifua mbele.

"Ulikuwa wapi, mzee? Zamu yako inapita," yule mama akamwambia.

"Kwa fundi wa kompyuta. Binti yangu."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Akamgeukia aliyekuwa nyuma yake, akamwambia naye hayo hayo.