Viti vya Mgongoni

Kila asubuhi msimamizi wa karakana ya sare aligawa nyuzi, sindano, na vidonge kadhaa vya maumivu kwa kila fundi. Mshona kola akameza vyake, akakalia sanduku lake la mbao, akakanyaga cherehani. Aliyemtangulia kwenye sanduku lile alirudi kwao amepinda kama ndoana.

Kufika saa nne, viti vikawa vimemwota mgongoni. Vilikuwa vidogo, vya mbao safi, vyenye egemeo na mto, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Jirani yake, mshona vifungo, akamfunua blauzi.

"Shoga, vidonge vyako vimeketi. Vimekunja nne."

"Na maumivu?"

"Yamesimama pembeni, yamenuna."

Maumivu hayawezi kusema neno mpaka yakae, na aliyewahi kiti ndiye mwenye kiti. Vidonge vyenyewe havikufanya kazi yoyote. Vilikaa tu, kama shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka. Mchana vikachoka, vikainuka kimoja kimoja, na maumivu yakakaa kabla mto haujapoa.

Mshona kola akamwendea msimamizi.

"Bosi, naomba kiti chenye egemeo. Lile sanduku litanimaliza."

Msimamizi akamzunguka, akagonga kiti kimoja kwa kidole. "Mbao nzuri hii. Viti vyote hivi, mama, na bado unataka kingine?"

Akamwongezea vidonge.

Lakini mwili ni mbishi. Ukiuzibia viti, unachonga vingine. Wiki ileile safu mpya ikaota mabegani, na maumivu yakaja na jamaa zake. Msimamizi akaongeza vidonge, mgongo ukaongeza viti. Mfagiaji akalalamika kuhusu pumba za mbao chini ya cherehani. Nyumbani, mume wake alijaribu kung'oa kimoja ili mtoto akikalie. Kikatoka damu, wakakiacha.

Siku aliyoshindwa kunyooka, msimamizi alimkuta ameinama juu ya kola.

"Kiti, bosi," akasema bila kuinua kichwa, kwa kuwa hakikuinuka.

"Kwani vidonge vinalalamika?"

Mshona vifungo akachungulia. "Havilalamiki. Vimeegemea."

"Basi," akasema msimamizi, akaenda zake.

Mshona kola akageuza sanduku upande usio na msumari, akakaa.