Uzi wa Bluu Shingoni mwa Chupa

Kilichomshtua Naomi kwanza ni kifuniko. Kilikuwa cheupe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, dukani kwa shangazi yake, pale Kiabakari. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, anatoa chupa kubwa kwenye boksi ili aanze kupima. Shangazi Petronila alileta chupa mbili za aina hiyo kutoka Bunda siku ya Jumanne, moja dawa ya mboga, nyingine dawa ya pamba. Ya mboga huwa na kifuniko cheupe, ya pamba huwa na chekundu. Tangu Naomi aanze kazi dukani hapo, mwaka wa pili sasa, haijawahi kuwa vinginevyo. Ile nyeupe alishaimimina yote Jumatano. Iliyobaki ilipaswa kuwa na kifuniko chekundu, nayo hii hapa, nyeupe pe.

Aliigeuza upande wa maandishi. Maandishi yalikuwa mengi na madogo, yamejazana kuanzia shingoni mpaka chini, na Naomi aliyatazama kama mtu anavyotazama ukuta. Tarakimu alizijua vizuri. Herufi alizijua chache, zile za jina lake na nyingine mbili tatu, lakini zikishikana mkono zilimkataa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipokuja kuishi kwa shangazi akitokea Buhemba alisema aliishia darasa la sita. Ukweli ni kwamba aliacha shule akiwa la pili, mama yake alipougua, na hata hicho kidogo alichofundishwa kilishayeyuka. Hakuna aliyemuuliza tena, naye hakumwambia yeyote.

Alifungua kifuniko, akanusa. Harufu ilikuwa nyepesi, ile aliyoizoea, ya dawa ya mboga. Akainama chini ya meza, akavuta chupa tupu ya Jumatano, akafungua na yenyewe. Harufu ilimpanda puani ikamchoma mpaka machoni. Jumatano alikuwa na mafua, kichwa kimeziba, hakusikia harufu yoyote.

Hiyo ilikuwa ya pamba.

Hapo inabidi kueleza namna duka lile lilivyouza. Mkulima mwenye matuta machache ya kabichi hanunui chupa nzima, anataka dawa ya kutosha bomba moja au mawili ya mgongoni. Kwa hiyo shangazi alikuwa anapima: dawa inamiminwa kwenye vichupa vya maji ya kunywa, mteja anaondoka na chake. Bibi shamba wao, Euphrasia, alishawakanya mara mbili. Alisema dawa ikae kwenye chupa yake yenye maelezo yake, kwa sababu ikihama chupa inapoteza jina, na dawa isiyo na jina haina tofauti na maji mpaka mtu aumie. Akabandika ukutani karatasi kubwa yenye namba yake ya simu. Shangazi aliitikia vizuri, akampa soda, na alipoondoka wakaendelea kupima.

Nyuzi alizibuni Naomi. Alichukua masalio ya uzi wa sweta, akawa anafunga shingoni mwa kila kichupa. Uzi wa bluu ni dawa ya mboga, subiri siku tatu ndipo uvune. Uzi mwekundu ni ya pamba tu, isiguse kitu kinacholiwa. Watu waliupenda mtindo huo. Sifa zilifika mpaka Butiama, na shangazi alijivuna mbele za wateja kwamba binti wa kaka yake ana huruma na watu wasiojua kusoma. Wakimsifu hivyo Naomi alikuwa anainamisha kichwa, nao wakasema aibu imemzidi.

Sasa alihesabu vichupa vya uzi wa bluu vya Jumatano. Alifunga vitano. Rafuni vilikuwepo vinne.

Cha tano alikumbuka kimeenda wapi. Mama Dorotea wa Butiama alikuja Jumatano mchana. Mjukuu wake anapata kipaimara Musoma kesho Jumapili, sherehe iko Kigera nyumbani kwa bintiye, Sara, na kabichi zote zinatoka shambani kwake. Viwavi walikuwa wameanza kuzitoboa. Alitaka apulizie siku hiyohiyo ili Jumamosi akate. Naomi alimpa kichupa kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia siku tatu.

Na leo ndiyo siku ya tatu.

Alipiga simu ya mama Dorotea. Haikupatikana. Akapiga tena, ikawa vilevile. Akampigia shangazi, aliyekuwa Bunda kufuata mzigo mwingine, akamweleza kwa sauti ndogo kwamba vifuniko vimefanana. Shangazi alimwambia anyamaze. Kabichi zikiloweshwa kwenye maji ya chumvi dawa inatoka yote, watu huwaga wanafanya hivyo na hawafi. Yeye atazungumza na Dorotea Jumatatu. Hili likifika kwa wakubwa duka litafungwa, na Naomi atarudi Buhemba kuponda mawe. Simu ikakatika.

Naomi alisimama mbele ya karatasi ya ukutani. Namba alizisoma bila shida. Euphrasia alipokea haraka, alikuwa Musoma mjini akienda kwenye kikao. Alisikiliza, kisha akauliza jambo moja.

"Naomi, nisomee jina lililoandikwa juu kwenye hiyo chupa tupu. Taratibu tu, herufi kwa herufi kama ni gumu."

Naomi aliishika chupa, akaitazama.

"Mtandao unasumbua," alisema, akakata.

Aliona aibu ya kitendo hicho hata kabla simu haijazima mwanga. Akatoka nje. Dotto, dereva wa bodaboda aliyeegeshaga pale kwenye kivuli cha duka, alikuwa anafuta taa ya pikipiki yake. Naomi alimpa chupa, akamwambia macho yanamuuma, amsomee.

"Macho ya miaka kumi na tisa," Dotto alisema. "Punguza kuangalia simu."

"Simu yangu ni kitochi. Soma basi."

Dotto alisoma jina, na Naomi akalirudia kimoyomoyo, silabi kwa silabi, kama mtoto anayetumwa dukani. Kisha akasoma yaliyofuata: kwa zao la pamba tu, usipulizie mboga wala matunda. Akafika mahali pa utepe wa rangi, ule unaoonyesha ukali wa sumu, akaacha kutania.

"Nani kala hii?"

"Bado," Naomi alisema.

Alimpigia tena Euphrasia, akalitaja jina. Sauti ya upande wa pili ilibadilika. Euphrasia alisema kabichi hizo zisiliwe, zisiuzwe, wala wasipewe mbuzi au ng'ombe. Dawa hiyo inaingia ndani ya jani, kwa hiyo maji ya chumvi, ndimu, kuchemsha, vyote ni kujidanganya. Zifukiwe mbali na kisima. Na aliyepulizia aulizwe hali yake. Kama anaumwa kichwa, anatokwa jasho na mate, macho yanamlenga machozi, aende kituo cha afya mara moja, na chupa yenye maandishi iende naye ili daktari ajue anapambana na nini. Asipewe maziwa kama dawa, wala asilazimishwe kutapika.

Naomi alifunga duka. Chupa tupu aliifunga ndani ya mifuko miwili, akapanda nyuma ya Dotto kuelekea Butiama.

Njia nzima alikuwa anarudia aliyoambiwa, asidondoshe hata moja. Zisiliwe. Zisiuzwe. Mbuzi wasipewe. Chupa iende naye. Kila gari lililowapita likielekea barabara kuu alilitazama nyuma, aone kama limebeba kabichi. Dotto aliendesha bila maneno, na kwa Dotto hilo lilikuwa jambo la kuogopesha peke yake.

Walilikuta gari, pikapu nyeupe, limerudishwa kinyumenyume mpaka mlangoni pa mama Dorotea. Magunia matatu yalishapanda. Wanawake wawili wa jumuiya walikuwa wanafunga kamba, wanacheka. Mzee Matiko, mumewe Dorotea, alikuwa amekaa kwenye kigoda ukutani, kikombe cha maziwa mkononi. Shati lake lilikuwa limelowa kifuani ingawa jua halijakaza, na kila mara alikuwa anafuta macho kwa kiganja.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," mama Dorotea alisema. "Umekuja kutusindikiza Kigera? Panda, nafasi ipo juu ya kabichi."

Naomi alimsogelea akamwambia karibu na sikio kwamba kabichi zisiende. Ile dawa ni ya pamba. Mama Dorotea alicheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka. Aliingia ndani, akatoka na kichupa. Kilikuwa kimebaki robo, na shingoni uzi wa bluu ulikuwa umekaa vizuri, na fundo lake lilelile.

"Huu uzi ni rangi gani?"

"Bluu, mama."

"Basi. Wewe mwenyewe ulitufundisha. Bluu, siku tatu. Siku tatu nimezihesabu."

Mmoja wa wanawake wale alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu sherehe ya mwenzao huwaga inawawasha. Dereva wa pikapu akauliza kama wanaondoka au hawaondoki, maana analipwa kwa safari, halipwi kwa kusikiliza kesi.

"Baba, unajisikiaje?" Naomi aliuliza.

"Kichwa tu," mzee Matiko alisema. "Dawa ilinimwagikia mgongoni, bomba linavuja. Toka juzi nakunywaga maziwa. Maziwa yanakata kila sumu, hata ya nyoka." Alijaribu kutabasamu, mate yakamtoka pembeni ya mdomo, akayafuta haraka kama mtu aliyeonwa uchi.

Naomi alipiga simu kwa Euphrasia, akaweka sauti kubwa, akaishika katikati ya watu. Euphrasia alitoka nje ya kikao. Alirudia yote, na watu wakasikiliza, kwa sababu bibi shamba wanamheshimu. Alipomaliza, mama Dorotea akaisogelea simu.

"Hayo yote tumesikia, mama, na ni ya kweli. Lakini hayo ni ya dawa ya pamba. Mimi sikununua ya pamba."

"Chupa yako imeandikwaje?"

"Haijaandikwa. Ina uzi."

Euphrasia alivuta pumzi. "Mama, uzi mimi siwezi kuuona nikiwa huku. Na hata ningeuona, uzi hausemi kitu. Anayejua kilichomo ni aliyemimina." Kisha akasema, "Naomi, upo? Ulipomimina Jumatano, ulisoma nini kwenye chupa kubwa?"

Watu wote walimgeukia. Kamba ya pikapu ilikuwa mkononi mwa mwanamke mmoja, haijafungwa wala haijaachwa. Naomi aliitoa ile chupa tupu kwenye mifuko, akaiweka chini mbele yao, maandishi yakiwa juu, kana kwamba yenyewe ingemjibia.

"Sikusoma," alisema.

"Sema kwa nguvu," simu ilisema.

"Sikusoma. Niliangalia kifuniko."

"Ulikuwa na haraka," mzee Matiko alimsaidia kutoka kwenye kigoda, kwa upole. "Vijana wana haraka. Lakini hata mwenye haraka jicho hupita kwenye jina. Ungeona. Huyu binti anatufungiaga nyuzi sisi ambao shule ilitupita, atakoseaje yeye aliyesoma?"

Mama Dorotea aliitikia kwa kichwa. Akampa mwenye kamba ishara ya mkono: funga.

Mlango ulikuwa wazi mbele ya Naomi. Angeweza kusema ndiyo, nilikuwa na haraka, na kubaki binti aliyesoma, na pikapu ingeondoka. Akilini alimwona Sara kule Kigera akipakua kabichi kwenye sahani za watoto waliovaa nguo nyeupe. Alimwona mzee Matiko akiinua tena kikombe. Alinyoosha mkono, akakishika kikombe kile, akakitoa kwenye vidole vyake taratibu. Alikuwa hajawahi kumgusa mtu mzima namna hiyo.

"Sikuwa na haraka, baba," alisema. "Sijui kusoma. Sijawahi kujua. Zile nyuzi sikuwafungia ninyi, nilijifungia mwenyewe."