Harufu ya Abunusi

Zumari kumi zilirudishwa karakanani kwangu, zote zimepasuka. Mnunuzi aliniambia bila kupandisha sauti, "Fundi Ilyas, niletee moja tu. Alhamisi itapulizwa kutwa. Ikipasuka, usije tena."

Ndugu zangu wanne wanakula kwa mashine za karakana hii. Hapa Sialkot, fundi aliyekataliwa na mnunuzi huyo huishia kushona mipira ya kandanda kwa ujira mdogo.

Zilikuwa zimebaki siku za kuchonga zumari moja tu. Nikaenda kwa mzee Yakub, muuza mbao.

"Ami, nataka abunusi."

"Ipo. Lini uliikosa kwangu?" Akanitupia vipande vitatu vyeusi.

Hapo ndipo penye tabu. Sokoni kwetu kila mti mweusi huitwa abunusi: mpingo unaotoka Afrika, usiokunywa mate ya mpigaji, mti mwingine wa kusini mwa nchi zetu, mweusi vilevile, unaoyanywa ukapasuka, hata shishamu, mti mwepesi wa kwetu, ikipakwa rangi. Niliviweka vipande ndooni. Shishamu ikaelea. Viwili vikazama. Kufikia hapo marehemu baba alitumia pua: unakwangua ncha, unailowesha kwa mate, unanusa. Mpingo una harufu tamu kidogo. Ule mwingine hauna kitu.

Nikakwangua, nikalowesha, nikanusa. Havikuwa na kitu vyote viwili.

Tangu majira ya baridi vumbi la mbao limeniua pua. Sikumwambia mtu. Mbao za zile zumari kumi nilizichagua kwa kubahatisha.

"Unanusa au unabusu?" Yakub akacheka. "Mwanamke huyo hataki!"

Kwenye benchi alikuwepo Sharif, mchongaji mwenzangu na mpinzani wangu wa miaka ishirini, anakunywa chai. Nikishindwa mimi, kazi ile ni yake. Mwishowe nikamwendea, nikainama ili Yakub asisikie.

"Kaka Sharif, nisaidie. Pua yangu imekufa."

Nilingoja kejeli. Hakutoa. Akanusa kimoja, akanusa cha pili, akarudia.

"Hiki," akasema.

Alhamisi, uani kwa mnunuzi, mpigaji alianza asubuhi kuipuliza zumari niliyoichonga. Nilichuchumaa karibu yake, macho kwenye mti. Adhuhuri ulikuwa mzima. Baada ya alasiri, mstari mwembamba kama unywele ulijitokeza chini ya tundu la mwisho, ukapanda. Mnunuzi aliuona. Alimshukuru mpigaji, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Sharif. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni siyaandiki. Nilimkuta amekaa uani, mgongo ameuelekeza kwenye jiko.

"Ilyas! Kaa, kaa. Imekuwaje?"

"Imepasuka."

Uso wake ulinyauka. Nyuma yake moshi mweusi ulikuwa unatoka kwenye sufuria. Niliuona, yeye hakugeuka. Mkewe akatoka ndani mbio.

"Jamani! Wanaume wazima wawili mmekaa hapa, dengu zinaungua, hakuna hata mmoja anayesikia harufu? Shemeji, na wewe?"

Sharif akageuka, akauona moshi. Akanitazama, kisha akatazama mikono yake.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Mwaka wa tatu huu," akasema. "Tafadhali, Yakub asijue."