Kamba ya Dirisha la Kushoto

Nathanieli hakusomea ufundi hata siku moja, na hilo ndilo alilojivunia kuliko mambo yote. Kazini alikuwa karani wa ghala la pamba mjini Musoma, lakini akifika nyumbani kwake Mukendo alikuwa injinia mkuu. Miaka ile ya shida, watu walipokuwa wakifua nguo kwa majani ya mpapai, alikuwa na haki ya kujiona hivyo. Betri za redio zilizokufa alizianika juu ya bati, zikafufuka kwa muda wa kutosha taarifa ya habari. Rejeta ya pikapu yake ilipotoboka aliiziba kwa unga wa muhogo, na wiki nzima gari likanuka ugali kila lilipopanda kilima. Majirani walikuja kushangaa. Wapo waliokuja kucheka, ila Nathanieli hakuwa na kifaa cha kuwatenganisha.

Sebule yake ilijaa matunda ya akili hiyo. Redio ilisema vizuri, mradi mtu ashike spoku ya baiskeli iliyowekwa badala ya antena. Pasi ya mkaa, iliyong'oka komeo, ilinyoosha nguo safi kabisa, mradi mtu abane mfuniko kwa kitambaa makaa yasije yakamwagika. Karabai iliwaka vizuri, mradi mtu asikae mbali na pampu. Saa ya ukutani ilitembea barabara ikilazwa kifudifudi mezani. Ukiiinua kuitazama, inasimama. Nathanieli alisema hilo si kosa la saa, ni kosa la watu kutaka kujua saa kila wakati.

Pikapu ndiyo ilikuwa fahari yake. Waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali kwenda kuvuta kabureta, ulikatika mwaka themanini na tatu, na Musoma nzima haukupatikana mwingine. Nathanieli akatafuta kamba ya nailoni ya wavuvi wa Rukuba, akaifunga kwenye kabureta, akaitoa chini ya boneti na kuiingizia kwenye dirisha la kushoto. Dereva anashika usukani, abiria anavuta kamba. Dereva akitaka mwendo anasema "vuta," akitaka kupunguza anasema "legeza." Abiria alikuwa mkewe, Dorkas.

Basi hali ikabadilika. Ilipofika themanini na sita, maduka yaliyokuwa yakiuza vumbi na njiti za kiberiti yalianza kujaa tena. Salum, muuza vipuri wa pale Mukendo, akautundika mlangoni waya wa mafuta mpya kabisa, ungali ndani ya mfuko wake.

"Karani!" alimwita Nathanieli akipita na mkewe. "Waya wako umefika, kila siku unakuulizia."

"Waya wa nini, na gari linatembea?" Nathanieli akajibu, akacheka kwa sauti.

Dorkas hakucheka. Pesa Nathanieli alikuwa nazo. Kilichomzuia ni woga ambao angeona haya kumtajia mtu: kama kila mwenye miguu anaweza kuingia dukani akatoka na kitu kizima, yeye Nathanieli angekuwa nani tena? Karani tu, mwenye pikapu kuukuu.

Jumapili iliyofuata walikwenda kanisani, na kamba ikamchora Dorkas mstari mweusi wa grisi kwenye gauni jipya, kuanzia begani hadi kiunoni. Hakupiga kelele. Waliporudi alifunga nguo zake na za mtoto wao Jeska, akasimama mlangoni.

"Baba Jeska, mimi naenda kwetu Butiama. Sikuolewaga niwe kipuri."

Nathanieli akadhani ugomvi ni gauni.

Alikaa peke yake akingoja hasira zipoe, na nyumba ikaanza kumgomea. Aligundua kuwa hawezi kushika spoku na kula kwa wakati mmoja. Akahitimisha kuwa spoku ni fupi. Alipojaribu kupiga pasi, kaa moja likamtobolea shati la kazini, naye akailaumu pamba ya siku hizi. Mwisho akanunua kitenge kizuri cha kufidia gauni, akaihamishia kamba dirisha la kulia, akaizungusha mkononi, na Jumamosi asubuhi akashika njia ya Butiama akijivuta mwenyewe. Alipofika, kiganja cha kulia kilikuwa kimechanika na vidole vimevimba kama maandazi. Akailaumu kamba.

Uani kwa wakwe palikuwa kimya. Mama mkwe aliposikia gari alijificha nyuma ya nyumba, kama ilivyompasa. Kule kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani, na katika miaka yote ya ndoa Nathanieli alikuwa hajaona zaidi ya pindo la khanga yake. Aliyejitokeza ni jirani, bibi mmoja aitwaye Wankyo.

"Mkwe wetu, umekuja na msiba umetangulia," alisema. "Kaka yake mama amefariki kule Bunda, Manyamanyama. Mzee Magige na binti yake Dorkas na mtoto walipanda lori jana. Mama alikuwa mnadani, lori likamwacha. Basi la asubuhi ndiyo hilo halijaonekana, na wanazika saa tisa."

Kutoka nyuma ya nyumba ikasikika sauti. "Wankyo, muulize mkwe kama gari linafikaga Manyamanyama."

"Mkwe, mama anauliza gari linafikaga Manyamanyama?"

"Mwambie linafika."

"Mama, anasema linafika."

"Nimesikia," ilisema sauti. "Sasa mwambie huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja. Sijamuona tangu Krismasi. Nataka nimuone uso kabla hawajamfunika."

Nathanieli alimhurumia kwa dhati, na papo hapo akajihurumia na yeye. Mama huyu akiwahi, huenda akasema neno jema kwa Dorkas. Akichelewa kwa sababu ya pikapu yenye kamba, ndoa yake itazikwa siku hiyo hiyo.

Mkono wa kuvutia hakuwa nao tena. Ikabidi kamba irudi dirisha la kushoto na Wankyo akae pale. Mama mkwe alipanda nyuma, akakaa sakafuni akiegemea kichwa cha gari, khanga imefunika kichwa, mgongo wake umeelekea mgongo wa dereva. Kati yao palikuwa na dirisha dogo lililovunjika kioo zamani, ambalo Nathanieli alikuwa ameliziba kwa boksi. Heshima ikawa imekaa mahali pake.

Kilichokosekana ni mvutaji. Wankyo alikuwa na tabia ambayo hakuna injinia angeiwazia: akiogopa, anakaza ngumi. Kadiri gari lilivyokwenda kasi ndivyo alivyoogopa, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyovuta.

"Legeza, bibi!"

"Nimeshika!" alipiga kelele Wankyo, macho kayafumba.

"Ndiyo hivyo, usishike! Legeza!"

Walipita Nyamuswa kuku wakiruka kila upande. Kwenye kona iliyofuata pikapu iliiacha barabara, ikaingia katika shamba la mtama, ikafyeka kwa bidii na kuzimika. Wankyo akafungua mlango, akashuka, akafunga khanga yake vizuri.

"Mkwe wetu, nakuheshimu sana," alisema. "Ila mimi narudi kwa miguu."

Akaondoka. Nathanieli alibaki ameshika usukani katikati ya mtama wa watu, mkono unapwita, akiwaza kuwa huu ndio mwisho wa akili zake zote. Wa kuvuta hayupo. Wa kupeleka maneno nyuma hayupo. Jua nalo lilikuwa limeshaanza kuinama.

Ndipo boksi likasema.

"Kamba ipitishe huku."

Nathanieli aliganda. Akageuka kumtafuta Wankyo amjibie, lakini Wankyo alikuwa ameshakuwa mdogo barabarani.

"Usinijibu," ilisema sauti. "Ukigonga bati mara moja, navuta. Mara mbili, nalegeza. Mimi siongei tena na wewe huongei. Tumeelewana?"

Nathanieli akafikiri, kisha akagonga mara moja. Akatoboa boksi kwa kalamu yake ya ukarani, akapenyeza kamba, na upande wa pili mkono ukaipokea.

Mama yule alikuwa amekamua ng'ombe tangu utoto, na mkono wake ulijua kuomba bila kulazimisha. Gari lilirudi barabarani kwa upole, likaanza kwenda. Ko, likaongeza. Ko-ko, likapungua. Hakuna neno lililosemwa wala jicho lililoona jicho, na vilima vilipita kimoja baada ya kingine. Nathanieli, ambaye kwa haki angepaswa kutubu, alianza kujisifu. Mfumo umefanya kazi! Alikuwa ameshaanza kuchora kichwani namna ya kutoboa boksi jingine kubwa zaidi, walipoyaona maturubai ya msiba Manyamanyama.

Waombolezaji waligeuka wote. Waliona karani amekaa mbele ameshika usukani kama bwana mkubwa, na nyuma yake mama wa watu, amefunikwa khanga, akiendesha gari kwa kamba. Mzee Magige, mume wa mama yule, alivua kofia, akairudisha. Lakini kaburi lilikuwa bado. Mama mkwe aliingia ndani, na kilio chake kikawafahamisha wote kuwa amemuona ndugu yake.

Walipotoka makaburini, wanawake walikaa upande wao na Nathanieli akakaa na wanaume, mbali kama adabu inavyotaka lakini si mbali sana. Dorkas alileta maji na beseni kumnawisha mama yake. Mama akafumbua kiganja cha kulia. Kamba ilikuwa imekikata kutoka chini ya kidole cha shahada hadi ukingoni, nyama imekuwa nyekundu.

Dorkas aliweka birika chini, akafumbua kiganja chake cha kushoto, akakisogeza kando ya kile cha mama yake. Mstari ulikuwa ule ule, mahali pale pale, ila wa Dorkas ulikuwa mkavu na mgumu kama kisigino.

Nathanieli aliona. Mkono ule alikuwa amelala nao kitanda kimoja tangu themanini na tatu, umempakulia chakula, umembebea mtoto, na hakuwahi kuugeuza autazame. Mbele ya macho yake vikapita spoku, pasi, karabai na kamba. Mradi mtu ashike. Mradi mtu abane. Mradi mtu avute. Hakuna kitu hata kimoja alichowahi kukitengeneza. Alichofanya ni kumfunga mke wake mahali palipovunjika. Alitazama kiganja chake mwenyewe kilichovimba kwa safari moja, akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Dorkas," alisema mama mkwe, kwa sauti ya kufika upande wa wanaume, "mwambie mkwe nashukuru, nimemuona ndugu yangu. Halafu mwambie mahari aliyoletaga ilikuwa ya mke. Ya waya hajaleta."

Hakuna aliyecheka, ulikuwa msiba. Nathanieli alirudi Musoma peke yake, akivuta kwa mkono wa kulia ule ule uliochanika, na safari hii hakumlaumu mtu.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Salum.

"Nipe ule waya."

"Unajua kuufunga?"

"Sijui," alisema Nathanieli. Neno lilimtoka kwa shida, kama jino. "Niitie fundi."

Alipokwenda tena Butiama, mama mkwe alijificha nyuma ya nyumba na kila kitu kikawa kama desturi ilivyotaka. Dorkas alizunguka gari, akatazama dirisha la kushoto lilivyo tupu, akampakia Jeska, akapanda. Hakutabasamu, lakini alipanda.

Nathanieli akakanyaga pedali na gari likaitikia. Dorkas alikaa, mikono mapajani. Kwenye kilima cha kwanza mkono wake wa kushoto ulijikunja wenyewe ukaanza kuvuta. Haukuwa umeshika kitu. Alipouona aliufunika kwa mkono wa kulia, haraka, kama mtu aliyekutwa na kosa.

"Nisamehe, Mama Jeska," alisema Nathanieli.

Dorkas alitazama nje.

"Na pasi?" aliuliza.

"Nimenunua."

"Na saa?"

"Iko kwa fundi."

Waliendelea hivyo mpaka ziwa likaonekana, na kila palipokuja kilima, chini ya mkono wa kulia ule wa kushoto uliendelea kuvuta.