Mtakatifu Aliyejaza Bwawa

Watu wa Serrote Velho hatununuliki. Naliandika hili mwanzo kabisa ili msomaji ajue anashughulika na watu wa aina gani. Mwaka wa uchaguzi mgombea mmoja alituletea lori zima la kofia. Tulizivaa kofia, tukala na mbuzi aliotuchinjia, kisha tukampigia kura mpinzani wake, na mpaka leo zinatukinga jua tukipalilia. Katika nyika yote ya jimbo la Ceará, ukitafuta watu wenye msimamo, uliza njia ya kuja kwetu.

Sasa, habari ya bwawa.

Asubuhi ya Mtakatifu Lusia, mwezi Desemba, Bi Idalina alipanda kigoda nyuma ya nyumba yake, akateremsha ubao aliokuwa ameuacha juu ya paa tangu jana yake jioni. Ubaoni palikuwa na mabonge ya chumvi, moja kwa kila mwezi kuanzia Januari hadi Juni. Bonge likilowa kwa umande, mwezi wake utakuwa wa mvua. Yote yalikuwa makavu kama meno. Bi Idalina alilitia bonge la Machi kwenye chungu cha maharagwe, maana chumvi ni chumvi, kisha akaenda kumwambia jirani yake kwamba mwaka huu hakuna kitu.

Jirani mwenyewe ni Bwana Evilásio Mourão, na habari hiyo ilimkuta vibaya. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuchimba bwawa. Tingatinga lilinguruma miezi mingi, likala bonde zima lililo juu ya shamba la Bi Idalina, likaacha shimo kubwa kiasi kwamba ng'ombe aliyesimama ng'ambo alionekana kama mbuzi. Kijito kilichokuwa kikipita hapo wakati wa mvua na kushuka hadi mashambani kwetu, sasa kilipangiwa kuishia hapo. Evilásio alikwisha nunua na kiti cha kubembea, akakiweka juu ya tuta la bwawa ili akae akitazama maji yakipanda. Kiti kilikaa kikitazama vumbi.

Kwetu, mvua ikigoma, dawa yake inajulikana. Unaiba sanamu ya Mtakatifu Yosefu kwenye nyumba ya mtu mwema. Mtakatifu, kwa hamu ya kurudi kwake, analeta mvua. Ikishanyesha, kijiji kizima kinamrudisha kwa maandamano na wimbo wenye beti nyingi, na ubeti wa mwisho unaimbwa mlangoni kwa mwenyewe. Popote unapoishia ubeti huo, hapo ndipo nyumbani kwa mtakatifu. Wimbo huo sote tulifundishwa na Bi Idalina tulipokuwa watoto, kwa uvumilivu mkubwa, akiwemo mmoja wetu ambaye siku zote huanza kwa sauti ya juu mno mpaka wenzake wanakosa pa kupandia.

Sanamu ya Bi Idalina ilikuwa ya mti, ndefu kama gunzi la hindi, imembeba Mtoto mkononi, na pua yake ilikuwa imeliwa na mbuzi. Evilásio alikuja kuiiba mchana, baada ya chakula. Adabu inataka mwenye nyumba asione. Kwa hiyo Bi Idalina alipomwona akiingia, kofia ameishusha hadi puani, aligeukia jiko akaanza kukoroga kahawa iliyokwisha korogwa. Mgeni alitafuta huku na huku asiione. Evilásio alikohoa.

"Rafu ya juu," Bi Idalina aliliambia jiko.

"Asante," alisema mwizi.

Mvua ilinyesha kesho yake. Evilásio alikuwa amemsimamisha mtakatifu juu ya tuta, uso wake kaulekeza shimoni, na mvua ikanyesha shimoni. Ilifuata ukingo. Tuta lilipopinda, nayo ilipinda. Ng'ombe mmoja aliyesimama mpakani alilowa kichwa, akabaki mkavu mgongoni, akatafuna tu. Tangu hapo mvua ilikuja kila alasiri, ikalishughulikia bwawa, ikaondoka. Upande wetu wa seng'enge hatukupata hata tone la kulifanya vumbi linukie.

Jumapili baada ya misa watu walikwenda kutazama maji yakipanda, wakachukua watoto na mihogo ya kukaanga. Evilásio alikaa kwenye kiti chake chini ya mwavuli. Kila mara alisema, "Limepanda," kwa sauti ya mtu aliyelibeba yeye mwenyewe.

Bi Idalina alisubiri kiasi cha heshima, kisha akaenda kumdai.

"Bwana Evilásio, mvua imenyesha. Nirudishie mtu wangu."

"Kwani kwako imenyesha, Bi Idalina?"

"Haijanyesha."

"Basi. Mtakatifu anarudishwa mvua ikinyesha. Mimi siwezi kuvunja mila za watu."

"Hainyeshi kwangu kwa sababu wewe unaye!"

"Na mimi ninaye kwa sababu hainyeshi kwako. Unaona tunavyoelewana?"

Bi Idalina alikwenda kwa Padri Onofre. Padri alisema Kanisa halitambui wizi wa namna hiyo, na kwa hiyo haliwezi kutambua urejeshaji wake. Alisema hayo akiwa anafunga viatu, maana alikuwa anakwenda kubariki bwawa.

Bi Idalina akarudi tena kwa Evilásio. Safari hii aliambiwa asubiri bwawa litoke damu. Kwetu bwawa likifurika na kuanza kumwaga, ndivyo tunavyosema, na watu hupiga fataki. Hapo Bi Idalina alitulia kidogo, kwa sababu damu ya bwawa lile ingeshukia kijitoni, na kijito kinapita shambani kwake. Yeye hakuwa anataka makubwa. Alikuwa na chupa ya mbegu za mahindi, zilizozibwa kwa nta, uzao wa mahindi ya babu yake. Zilikuwa zimekaa chupani ukame uliopita na ule wa kabla yake, na mbegu za chupa zikikaa zaidi ya hapo zinakufa. Hindi lililopandwa kufikia siku ya Mtakatifu Yosefu, mwezi Machi, linachomwa likiwa bichi kwenye moto wa Mtakatifu Yohana, mwezi Juni. Lililochelewa ni bua la kumpa punda. Basi alichimba mashimo yake ya kupandia, mstari kwa mstari, akakaa kungoja bwawa litoke damu.

Maji yalifika ukingoni. Kesho yake ukingo ulikuwa umepanda kwa ubao mmoja. Maji yakaufikia ubao. Ukaongezwa mwingine. Mara ya tatu Bi Idalina alifunga kitambaa kichwani, akapanda tuta kwenda kuona nani anayepigilia.

Alikuwa ni Mtakatifu Yosefu. Mti ukinyeshewa kila siku unavimba, na yeye alikuwa amenyeshewa kuanzia Desemba hadi Machi. Alikuwa na kimo cha mtu mzima sasa, isipokuwa pua. Na kwa kuwa mtakatifu ni fundi seremala, Evilásio alikuwa amempa msumeno. Alichuchumaa kwenye mlango wa kumwagia maji, anapigilia ubao. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye toroli, kivulini, amelala.

Mtakatifu alitoa misumari mdomoni ili amsalimie vizuri.

"Wewe!" alisema Bi Idalina. "Miaka yote nakuwashia mshumaa, nakupangusa vumbi, nakuhamisha paka wakikulalia, na hukuwahi kunitengenezea hata mguu wa meza!"

"Hukuwahi kuniiba," alisema mtakatifu. "Anayeniiba ndiye anayenituma, mpaka nirudishwe kwa wimbo. Sikuitunga mimi mila hiyo."

"Wanakulisha?"

"Jikoni, pamoja na vibarua."

"Wanakupa nini?"

"Maharagwe."

"Yana chumvi?"

Mtakatifu aliangalia misumari yake. Bi Idalina alisonya, akamfunika Mtoto vizuri, akashuka. Jambo la chumvi lilimuudhi njia nzima kuliko hata lile la ubao.

Kilichobaki kilikuwa wimbo. Bi Idalina alizunguka nyumba kwa nyumba. Alituomba siku ya Mtakatifu Yosefu twende tumchukue juu ya tuta, tumwimbie njia nzima, na ubeti wa mwisho tuumalizie mlangoni kwake. Mvua ingemfuata, na kwake ni katikati ya mashamba yetu sote, kwa hiyo hata mtu mchoyo angeona faida. Tuliapa. Mmoja aliapa kwa macho ya mama yake, Nazaré.

"Wewe jitahidi tu kuanza chini," Bi Idalina alimwambia.

Evilásio hakupinga, na hilo ndilo lililokera zaidi. Alisema mila ni mila. Alifagia hata njia. Ila pale njia inapotokea bwawani alikuwa amejenga kikanisa kidogo chenye mlango wa buluu, na mbele ya mlango alipanga ndoo za maji, zimejaa, ndoo moja kwa kila nyumba ya kijiji. Msimamizi wake ndiye aliyesema, akinunua sigara dukani, kwamba mtakatifu akipata makao yake pale kikanisani, ndoo hizo zitajazwa kila siku kwa majirani wa mtakatifu. Wiki ile matangi yetu yalikuwa yamebaki tope, na lori la maji la serikali lilikuwa limeharibika, kama linavyoharibika kila Machi.

Siku yenyewe ilikuwa na jua la kupasua kichwa. Tulimpandisha mtakatifu kwenye machela, naye kwa maji aliyonywa alikuwa mzito kama friji. Wabebaji walitukana kimoyomoyo kwa heshima ya siku. Bi Idalina hakuwa nasi, kwa sababu mwenye mtakatifu humngojea mlangoni. Alikuwa ameng'oa rafu, maana mtu wake hakuenea tena kwenye rafu, na alikuwa ameng'oa fremu ya mlango ili apite. Alisimama hapo na gauni lake la kanisani na chupa ya mbegu mkononi, cheni ya rozari ameizungusha shingoni mwa chupa.

Tuliimba vizuri. Hata waliotusikia kutoka barabara kuu walisema tuliimba vizuri. Tulipofika mbele ya kikanisa wabebaji waliomba kupumzika, tukatua machela. Beti zilizosalia zilikuwa bado nyingi, za kutosha kabisa kutufikisha kwa Bi Idalina. Tulisimama. Tuliziangalia ndoo. Maji ya ndoo, ukiyaangalia kwa karibu, hutetemeka hata pasipo upepo.

Ndipo mtu mmoja, hajulikani nani, akaanzisha ubeti wa mwisho.

Ubeti ule ukishaanzishwa haukatwi. Kuukata ni kumtukana mtakatifu, kila mtu analijua hilo. Tukafanyaje? Tukauitikia, kijiji kizima, kofia mikononi, mpaka neno la mwisho. Mtakatifu Yosefu alituangalia mmoja mmoja. Kisha akashusha miguu kutoka kwenye machela, akamchukua Mtoto, akaingia ndani ya kikanisa, na baada ya muda tukamsikia akigonga fremu ya mlango kuinyoosha, kwa sababu mlango ulikuwa umewekwa upande. Evilásio alipiga fataki. Kila mtu alibeba ndoo yake akaenda nyumbani kupika.

Kule chini Bi Idalina alisikia wimbo ukiisha mapema. Alingoja kidogo, kama yuko mwenye kuja kueleza. Kisha akarudishia fremu ya mlango mwenyewe, kwa jiwe, maana nyundo hana.

Mambo yako hivyo mpaka sasa. Mvua inanyesha bwawani kila alasiri na kusimama kwenye seng'enge. Maji yakipanda, ubao unaongezwa. Limekuwa bwawa zuri, hakuna ubishi, lina hata bata waliokuja wenyewe. Moto wa Mtakatifu Yohana tuliuwasha, tukachoma mahindi ya kununua mjini. Mashimo ya Bi Idalina bado yako wazi shambani na kuku wanaogea vumbi humo. Ndoo yake haichukui. Anafuata maji kisima cha ng'ambo ya mlima, na punda wake, na hasemi kitu, jambo ambalo watu wengi hapa wanaliona kama majivuno.

Mimi naandika haya kwa roho nyeupe. Siku ile nilikuwa na koo bovu. Nilifumba mdomo tangu ubeti wa kwanza na sikuufumbua mpaka wa mwisho. Jana nilikwenda kumsomea Bi Idalina kurasa hizi barazani kwake, asije akasema nimemkosea jina. Nilipitia hapo nikitoka bwawani, kwa hiyo ndoo niliitua pembeni ya mguu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, chupa yake ya mbegu iko dirishani nyuma yake. Kisha akainama akaangalia ndani ya ndoo, ambamo kiluwiluwi mmoja alikuwa anazunguka.

"Koo bovu," alisema.

"Ndiyo, Bi Idalina. Siku ile hata mate yalikuwa hayapiti."

"Ulianza juu mno, mtoto wa Nazaré," alisema. "Kama siku zote."