Vifaranga wa Uzi Mwekundu

Pale Bwera, mpakani, dawa ya wadudu inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, na chupa haina karatasi yoyote. Basi mkulima akitoka Rukoki, au akishuka kutoka milimani, anakuja na mdudu wake mwenyewe, kiwavi hai aliyefungwa kwenye jani la mgomba. Hamim mwenye duka anachovya kijiti, anamdondoshea kiwavi tone moja, na watu wanainama kutazama. Kiwavi akijikunja na kutulia, pesa inatoka mfukoni.

Hicho ndicho kipimo chetu. Na asinicheke mtu kwamba ni kipimo cha washamba, maana hata huko dawa zinakotengenezwa, kwa miaka mingi swali la kwanza limekuwa hilo hilo: nani anakufa, na kwa kiasi gani. Nimesoma mwenyewe kwenye simu iliyopasuka kioo, hakuna aliyenifundisha. Swali la pili, kwamba dawa inamfanya nini mtoto ambaye ubongo wake bado unajengwa, kwa kemikali nyingi zilizoko sokoni hakuna aliyewahi kuliuliza.

Mimi sisahau. Nakumbuka enzi za pamba, mapipa ya dawa yakisuguliwa kwa mchanga kisha yanajazwa pombe ya ndizi ya harusi. Nakumbuka mkutano niliposimama kuuliza juu ya mapipa hayo, afisa mmoja akanikata: "Kuna mtu amekufa?" Nikasema hapana. "Basi kaa chini." Nilikaa. Hasira haikukaa.

Jirani yangu wakati wa mambo haya alikuwa Kavira, mama mwenye duka la vitunguu lisilozidi upana wa mkeka, aliyekimbia vita upande wa Beni. Mume wake alikuwa bado ng'ambo ya mpaka. Hamim alimpa chumba nyuma ya duka bila kodi, kwa sharti moja: alale na majerikani ya dawa ili yasiibiwe, na kila asubuhi aimimine dawa kwenye chupa. Kavira alikuwa na mimba, nayo ilianza kuonekana.

Siku moja alikuja uani kwangu, ninapotengeneza baiskeli, akakaa juu ya tairi.

"Baba Eridadi, hii dawa inaua mududu. Sawa, nimeona. Na ile yenye haiue, inaifanya nini?"

Nikaacha bisibisi. Nikamweleza nilichosoma: kwamba wako wataalamu wanaotumia samaki wadogo, wengine mayai ya kuku, na hawahesabu waliokufa tu. Wanamtazama aliye hai. Anajifunza? Anamfuata mama yake? Anaogopa kinachopaswa kuogopwa? Nikapandwa na mori, nikasema kesho nakwenda Kasese, naingia redioni, nalitaja duka kwa jina.

"Utapiga makelele," alisema Kavira, "Hamim atanifukuza, na mimi nitalala njiani bila kujua kitu. Mi sitaki makelele. Nataka kujua. Kama dawa iko muzuri, nibaki na chumba. Kama iko mubaya, nitoke."

"Chumba utapata wapi kingine?"

"Ndiyo maana nataka kujua kwanza."

Nilikuwa na kuku wawili waliotaka kulalia. Kavira aliyachanganya mayai yote kwenye beseni moja, akayageuza-geuza kama mtu anayechagua maharage, akayagawa nusu kwa nusu. Kuku mmoja alibaki jikoni kwangu. Wa pili aliwekwa kwenye tenga katika chumba cha Kavira, kando ya majerikani, pale pale miguuni pa godoro lake. Hakuna yai lililopakwa dawa. "Mimi sikunywa," alisema. "Nalala nayo tu. Na yeye alale nayo tu."

Mayai yalianguliwa. Yote, huku na huku, isipokuwa moja, na hilo lilikuwa la jikoni kwangu. Niliona aibu kana kwamba nimelitaga mimi.

Hamim alicheka mpaka akashika mlango. "Ssebo, mzee wangu, si ulitaka kupima? Umepima. Dawa yangu inaangua kuliko jiko lako." Na jioni hiyo hiyo sokoni nikamsikia akiwaambia wateja, chupa mkononi, kwamba dawa hii imelala na mayai na mayai yameanguliwa yote, muulizeni mzee Eridadi. Watu wakaniuliza. Ningesema nini? Yalianguliwa.

Kavira alirudi chumbani kwake. Aliwafunga vifaranga wake uzi mwekundu mguuni, mmoja mmoja, akawaleta kwangu. Hapa kwetu hatuachi kuku wawili walee wakati mmoja anatosha. Unampa mmoja vifaranga wote, mwingine anarudi kutaga. Basi wote wakalelewa na kuku wangu wa jikoni, chakula kimoja, ua mmoja, mama mmoja. Kwa siku kadhaa usingewatofautisha bila kuinama kuutafuta uzi. Walikula. Walikimbia. Nilianza kuamini nimeshindwa, na Kavira alianza kupanga vitunguu vyake vizuri zaidi, kama mtu aliyehakikishiwa makao.

Kisha mwewe akapita. Mama kuku akatoa ile sauti yake ya kukwaruza, vifaranga wakazama chini ya mabawa. Si wote. Wengine walibaki katikati ya ua, vichwa vimeinama upande, wakiitazama mbingu. Mwewe akaondoka na mmoja. Wawili waliobaki wamesimama walikuwa na uzi.

"Bahati mbaya tu," nilisema, nikijilazimisha kuwa mwenye haki.

"Labda," alisema Kavira. "Tutamuita tena."

Alikata boksi la sabuni umbo la mwewe, akalipaka masizi, akalifunga kwenye ufito mrefu. Tukalipitisha juu ya ua. Mama akakwaruza. Wa jikoni wakakimbia wote. Wa uzi mwekundu, wengine wakakimbia, wengine wakachelewa, na wengine wakasimama wakitazama boksi kana kwamba ni mgeni aliyeleta zawadi.

Tulimwita Hamim. Alikuja na mkono kiunoni.

"Mzee, sasa umeacha baiskeli unachezea maboksi?"

"Shika mwenyewe," nikamwambia.

Akalipitisha. Akatazama. Akasema upepo ndio umeharibu, akalipitisha kutoka upande wa pili. Akasema mama kuku amechoka, tukampa nafasi anywe maji. Akalipitisha polepole, kisha haraka. Mara ya mwisho hakusema sababu. Alichuchumaa, akamshika kifaranga aliyesimama, akampulizia usoni. Kifaranga akapepesa.

"Macho anayo," alisema.

"Anayo," alisema Kavira. "Na masikio. Nilipiga sufuria, akaruka."

"Kuku si mtu, dada."

"Kweli. Kuku anakaa ndani ya yai wiki tatu. Mutu anakaa tumboni miezi tisa." Alisema bila ukali. "Hizi bido za dawa zitoke, ama mimi nitoke. Leo."

"Nitoe nipeleke wapi? Nyumbani kwangu kuna watoto."

Neno likabaki hapo uani. Nilikuwa na hotuba tayari mdomoni, hotuba ya miaka mingi, na Kavira akanitazama jicho moja tu, nikaimeza. Hamim alimweka kifaranga chini taratibu. Kisha akaenda kuita mkokoteni.

Majerikani yalikwenda kwenye kibanda cha mabati nje ya mji, na mlinzi mwanamume akawekwa nje yake. Chumba alibaki nacho Kavira, kwa kodi sasa. Aliisugua sakafu kwa majivu, akaacha mlango wazi mpaka harufu ikapungua. Hamim bado anauza, na bado hana karatasi kwenye chupa, na hilo sijalimaliza naye wala na walio juu yake.

Lakini Kavira hakuliacha lile boksi. Kila siku, akishafunga vitunguu, anakuja uani. Miezi ile aliyolala na dawa haitoki kwa majivu, na hakuna mtu, Bwera wala Kasese, anayeweza kumwambia imefanya nini. Kwa hiyo anawauliza wale waliosimama.

Jana nilishika ufito mimi. Boksi likapita, mama akakwaruza, ua ukawa mtupu isipokuwa kifaranga mmoja wa uzi. Akainua kichwa. Akatazama boksi, akatazama walikokwenda wenzake, kisha akakimbia akawafuata.

"Amechelewa," nilisema.

"Juzi hakuenda kabisa," alisema Kavira. Alisogea karibu na ua, akachutama. "Pitisha tena, baba."